Kisima na Nguo za Mama Pacha

Mtaani walimwita Mzee Desimali, na jina hilo hakulichukia hata kidogo. Miaka yake yote ya kazi alikuwa mpimaji wa mizani katika ghala la nafaka. Alipostaafu hakukaa barazani kupiga soga. Alijiandikisha katika madarasa ya jioni ya watu wazima, akakalia dawati la mbele, akamaliza hesabu na kuingia takwimu. Kwa hiyo kamati ya kisima ilipotafuta katibu haikuhangaika. Mzee alikuwa na kalamu, alikuwa na muda, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema "kama kumi hivi" pale palipokuwa na kumi na nusu.

Kisima kilikuwa cha mtaa mzima: ukingo wa saruji, kifuniko cha chuma, pampu ya mkono iliyolia kama mlango mbovu. Kila Jumamosi asubuhi Mzee Desimali alifungua kifuniko, akateremsha kamba yenye jiwe, akaivuta na kusoma mahali ilipolowa. Kwa zaidi ya mwaka kamba ilikuwa ikizidi kuzama kabla ya kugusa maji. Haikuzama kwa mpangilio. Maji yalishuka wiki kadhaa, yakatulia, yakapanda kidogo watu wakaanza kupumua, kisha yakashuka tena na kupita pale pa mwanzo. Foleni ya ndoo ikarefuka, na foleni ikirefuka watu hupata muda wa kutafuta mchawi.

Wakampata Mama Pacha. Huyu alikuwa mkwe wa Mzee Desimali, mjane wa mwanawe wa kwanza, mama wa wasichana pacha waliokuwa darasa la pili. Kiwanja chake kilipakana na kisima. Mumewe alipofariki, alichukua kile kidogo kilichobaki, akachimba kisima chake cha bomba, akafunga pampu ya umeme na kuanza kazi ya udobi. Alianza na mashuka ya nyumba moja ya wageni. Sasa alifulia nyumba za wageni tatu, zahanati moja na jiko la hoteli, na ua wake ulijaa kamba za nguo kutoka ukuta hadi ukuta.

"Sisi huku tunagombania ndoo," alisema kinyozi, mtu ambaye kiti chake kilisikia habari zote kabla ya wenyewe kuzisikia, "na mwenzetu anasuuza mashuka ya watu ambao hata hatujui wamelala na nani."

Watu wakacheka, na mwisho wa kicheko wakageuka kumtazama katibu. Mzee Desimali aliwaelewa. Wangeweza kumwomba mtu mwingine afanye uchunguzi. Hata mwenyekiti alipendekeza hivyo, kwa upole, akitazama viatu vyake.

"Hapana," alisema Mzee. "Nitapima mimi. Kalamu yangu haijui nani ni mkwe wa nani."

Akapima. Kutoka dirisha la chumba chake aliuona ua wa Mama Pacha wote, na kila alasiri alihesabu kamba zilizojaa nguo. Aliweka sharti lake mwenyewe: asikanyage ua ule wala asizungumze na mkwe wake habari za kazi mpaka hesabu ikamilike. Ghalani mpimaji hakupokea hata kikombe cha chai kutoka kwa mwenye mzigo, na yeye hakuona kwa nini mtaani mambo yawe tofauti.

"Kwa hiyo wajukuu nao wamekosa nini?" aliuliza mkewe.

"Waje hapa. Mlango uko wazi. Mimi ndiye siendi kule."

"Bwana wee. Kila siku umening'inia dirishani unachungulia nguo za mkweo. Wanaume wengine wakifanya hivyo hawaitwi makatibu, wana jina lao."

"Huu ni utafiti."

"Na wao husema hivyo hivyo wakikamatwa."

Mzee alinyoosha kidole kwenye kamba iliyofuata. Alikuwa katikati ya kuhesabu.

Baada ya muda wa kutosha alinunua karatasi ya manila, akachora mistari miwili. Mmoja, wa bluu, ulikuwa wa kamba za nguo. Wa pili, mwekundu, ulikuwa wa urefu wa kamba ya kisima hadi kugusa maji. Ukiacha bonde moja fupi katika ule wa bluu, mistari ilipanda pamoja kama watu wawili wanaokwenda msibani. Kisha akakokotoa kile kipimo alichofundishwa darasani, kipimo cha uwiano, ambacho kikiwa karibu na sifuri maana yake vitu havijuani, na kikiwa karibu na moja maana yake vinakwenda sambamba. Alipata sifuri nukta tisa moja. Akarudia. Ikawa ile ile.

Mbele ya kamati aliibandika manila ukutani na kueleza kwa sauti ya mtu aliyesubiri siku hiyo tangu ujana. Mwenyekiti aliitazama muda mrefu.

"Kwa hiyo, Katibu, ni asilimia tisini na moja kwamba ni yeye."

Haikuwa maana yake hiyo. Mzee Desimali alijua. Lakini sentensi ya mwenyekiti ilikuwa fupi na ilikaa vizuri mdomoni, watu wote walikwisha kuitikia kwa vichwa, naye akaiacha ipite.

Kanuni za mtaa zilisema bomba la mtu binafsi likithibitika kufyonza kisima cha wote litazibwa kwa saruji. Uamuzi ni wa mkutano mkuu, kwa kura ya mikono. Mkutano ukapangwa.

Mama Pacha alikuja nyumbani kwa wakwe zake siku aliyopata taarifa. Hakukaa. Mikono yake ilikuwa imesinyaa kwa sabuni, akaificha ndani ya khanga.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama."

"Nimeambiwa umenitolea ushahidi."

"Sikukutaja mimi. Nimeweka tarakimu, tarakimu zikakutaja."

"Wakiziba bomba sina kazi nyingine, unajua. Itabidi niwachukue watoto twende kwa kaka yangu, na kwa kaka yangu ni safari ya siku nzima." Akangoja. Mzee alikuwa anakunja miwani yake. "Baba, hizo hesabu zako, mbona hata pampu yangu ilipo..."

"Utayasema mkutanoni, mama. Mbele ya wote. Nikisikiliza hapa ndani, watasema tumepanga."

Mama Pacha alimtazama mama mkwe wake, ambaye alitazama sufuria. Kisha akaaga kwa adabu yote na kuondoka. Adabu ile ilimuuma Mzee kuliko kama angetukanwa.

"Umemfunga mdomo mama wa wajukuu zako," alisema mkewe.

"Nimemlinda."

"Na nini?"

Mzee alifungua miwani, akaikunja tena.

Wiki ya mwisho kabla ya mkutano, Mzee Desimali alitaka kuipa kazi yake msumari wa mwisho. Ghalani, kabla ya kupandisha gunia kwenye mizani, mpimaji hupima kwanza sahani tupu. Sindano ikikaa kwenye sifuri, unaendelea. Isipokaa, kila ulichopima asubuhi ile ni bure. Akaona vyema afanye hivyo hivyo mbele ya mkutano: achukue kitu kisichohusiana kabisa na maji, akilinganishe na kisima, watu waone kipimo kikigoma karibu na sifuri. Hapo hata mpinzani mkubwa atanyamaza.

Kitu cha kwanza kilichomjia ni mwili wake. Kwa mazoea ya kazi, kila Jumamosi alijipima kwenye mizani ya muuza mkaa, na uzito wote alikuwa nao. Tangu astaafu alikuwa akinenepa, wiki hii kidogo, wiki ile kidogo zaidi, mara chache akipungua. Akakaa mezani, akakokotoa uzito wake dhidi ya kisima.

Sifuri nukta nane nane.

Akafuta miwani. Akakokotoa upya, akasoma tarakimu kwa sauti. Sifuri nukta nane nane.

"Nini tena?" mkewe aliuliza kutoka uani.

"Hakuna kitu."

"Unahema."

"Hesabu inasema," alisema Mzee taratibu, "kilo zangu zinafuatana na kisima."

Mkewe aliingia akifuta mikono. Alimtazama mumewe kutoka kifuani kwenda chini. "Kumbe ni tumbo hilo linalomaliza maji. Na bado unamsumbua mtoto wa watu."

Mzee hakucheka. Alitafuta kitu kingine, cha mbali zaidi: bei ya kunyoa nywele. Kinyozi yule yule alikuwa amepandisha bei mara nyingi tangu mwaka jana, na kila mara alibandika kibao kipya ambacho Mzee, kwa kuwa hawezi kuipita tarakimu bila kuisoma, alikikumbuka. Akakokotoa. Ilitoka sifuri nukta tisa nne, zaidi ya udobi.

Sindano haikuwa imerudi kwenye sifuri. Alikaa akiitazama karatasi mpaka chai ikapoa.

Kesho yake alikwenda shuleni, ambako mwalimu wake wa jioni alifundisha watoto mchana. Mwalimu alikuwa mwanamke mdogo kuliko kitinda mimba wa Mzee, naye alikuwa kivulini akisahihisha madaftari. Alisikiliza yote bila kuweka kalamu chini.

"Mzee wangu, kisima chako kila Jumamosi kinaanzia wapi?"

"Kinaanzia?"

"Wiki mpya ikianza, maji yako wapi?"

"Yako pale yalipoishia wiki iliyopita. Yatakuwa wapi kwingine?"

"Na udobi wa mkweo?"

"Wateja wa wiki iliyopita, labda na mmoja zaidi. Au mmoja ameondoka."

"Na kilo zako, usiniambie."

"Usiniulize."

Mwalimu akatabasamu, akaweka kalamu. "Hivyo vitu vyote vinabeba jana mgongoni. Havianzi upya. Vikishateleza upande mmoja, vinabaki huko muda mrefu kabla ya kurudi, na vingine havirudi. Sasa chukua viwili vya namna hiyo, visivyojuana hata kwa sura, viache vitembee mwaka mzima. Mara nyingi utakuta vimekwenda upande mmoja, au kimoja kimepanda kadiri kingine kinavyoshuka. Ukivipima kwa kipimo kile tulichosoma, kitakwambia ni ndugu. Kipimo kile kilitengenezewa vitu vinavyosahau, Mzee. Hivi havisahau."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Usilinganishe vilikofika. Linganisha hatua. Wiki hii nguo zimeongezeka kiasi gani kupita wiki jana. Na wiki hiyo hiyo maji yameshuka kiasi gani kupita wiki jana. Kama nguo ndizo zinazokunywa maji, hatua kubwa huku itakuwa na hatua kubwa kule."

Mzee Desimali aliandika hilo pembeni ya karatasi yake. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayedai risiti, "Mbona hukutufundisha hili?"

"Nilifundisha. Muhula wa pili. Wewe ulichukua cheti cha muhula wa kwanza, ukasema kinakutosha."

Alirudi nyumbani na kukokotoa hatua. Kazi ilikuwa rahisi, kutoa tu. Kipimo kilitoka karibu na sifuri kiasi kwamba hakuona haja ya kukirudia, ingawa alikirudia. Kilichomshika zaidi hakikuwa kipimo. Ni kwamba sasa, akizitazama wiki moja moja badala ya mstari mzima, aliona mahali ambapo kamba za nguo za mkwe wake zilikuwa tupu kwa wiki tatu mfululizo. Katika wiki hizo tatu kisima kilishuka kuliko wakati mwingine wowote. Na wiki ambazo ua ulijaa mashuka mpaka mengine yakaanikwa ukutani, maji yalikuwa yamepanda.

Hakuna mtu mtaani angeweza kuliona hilo isipokuwa yeye. Akinyamaza, manila ingebaki ukutani, mikono ingepandishwa, saruji ingekorogwa. Na jina lake, la mtu aliyempima mkwe wake mwenyewe bila kupepesa macho, lingedumu hata baada ya yeye kufa. Akisema, watamwambia kile alichokikimbia mwaka mzima: kwamba damu imemshinda. Alilifikiria jambo hili siku nzima bila kumwambia mkewe, na mkewe, aliyemjua, hakumuuliza.

Mkutano ulifanyika darasani, watu wazima wamejikunja kwenye madawati ya watoto. Mama Pacha alikaa nyuma, karibu na mlango. Mwenyekiti alimwita katibu asome matokeo, na Mzee Desimali akasimama, akaenda ukutani, akaibandua manila na kuikunja.

"Naomba kufuta hesabu hii. Haithibitishi kitu."

Darasa lililipuka.

"Haya sasa!" kinyozi alisimama juu ya benchi. "Desimali imehamia upande wa familia!"

"Katibu," alisema mwenyekiti, "ni wewe mwenyewe uliyesema asilimia tisini na moja."

"Asilimia uliisema wewe. Mimi nilijua sivyo, nikanyamaza kwa sababu mlikuwa mnaniitikia kwa vichwa. Kosa hilo ni langu."

"Na jana usiku mkweo alikupikia nini?" mtu alidakia kutoka dirishani, na watu wakacheka kicheko kibaya.

Mzee alisubiri. Alikuwa amezoea kusubiri sindano itulie. "Kinyozi, ukae, nina habari zako. Nimekipima kisima na bei yako ya kunyoa, kwa kipimo kile kile kilichomkamata Mama Pacha. Bei yako inamaliza maji kuliko udobi wake. Tisa nne kwa tisa moja."

Kinyozi alishuka kwenye benchi. "Kwa hiyo nikishusha bei maji yatapanda?"

"Shusha!" mama mmoja alipiga kelele. "Shusha tujaribu!"

Safari hii kicheko kilikuwa cha kweli, hata mwenyekiti alificha mdomo kwa kiganja. Mzee alikiacha kipite, kisha akawaeleza kama alivyoelezwa: vitu vinavyobeba jana mgongoni, na hatua. Hakueleza vizuri. Mara mbili alipotea katikati ya sentensi. Ndipo akageukia nyuma ya darasa.

"Mama Pacha. Kabla ya muhula uliopita wa shule, kamba zako zilikaa tupu wiki tatu. Kulikuwa na nini?"

Mama Pacha alisimama. "Pampu iliungua. Wiki tatu sikuvuta hata tone. Fundi wa pampu huyo hapo, muulizeni."

Fundi, mtu mnene aliyebanwa na dawati, aliinua mkono kuonyesha ni kweli.

"Katika wiki hizo tatu," alisema Mzee, "maji yetu yalishuka kuliko wiki zote nilizopima."

Watu walitazamana. Mwenyekiti aliegemea mbele. "Sawa, Katibu. Tumekuelewa, au tuseme tumekuelewa nusu. Sasa tuambie. Kama si yeye, maji yanakwenda wapi?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mzee Desimali alikuwa na majibu matatu yanayosikika vizuri, na lolote kati ya hayo lingepokewa. Aliyaona mbele yake kama magunia yaliyopangwa.

"Sijui," alisema.

"Hujui?"

"Sijui, Mwenyekiti."

"Katibu wa kisima hajui habari za kisima!" alisema kinyozi, lakini kwa sauti ya chini kuliko mwanzo.

Wakapiga kura. Mikono ya kuziba ilikuwa mingi, ya kutoziba ikazidi kidogo, na mwenyekiti alihesabu mara mbili kwa sababu katibu alikataa kuhesabu. Bomba likabaki. Kisha kinyozi akapendekeza kwamba, kwa kuwa jambo limegusa ukoo wa katibu, kamati ipate katibu mwingine. Pendekezo hilo lilipita bila ubishi, na aliyechaguliwa ni kinyozi. Mzee Desimali alimkabidhi ufunguo wa kifuniko pale pale. Hakuna aliyemshukuru, na njiani wawili watatu waliokuwa wakimwamkia kwa heshima walikuwa ghafla na mazungumzo ya muhimu wao kwa wao.

Alipita kwa mkwe wake kabla ya kwenda nyumbani. Sasa hapakuwa na sharti la kumzuia. Mama Pacha alikuwa ameshavua khanga ya mkutanoni na alikuwa akianua mashuka. Mzee alisimama langoni, na ukweli ni kwamba alitarajia neno.

"Karibu, Baba."

"Nimekaribia. Basi... limekwisha."

"Limekwisha." Aliendelea kuanua. Alipozungumza tena hakugeuka. "Wiki zile tatu ulikuwa dirishani?"

"Nilikuwepo."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Ukaona kamba tupu, ukaandika sifuri."

"Niliandika sifuri."

"Mjane wa mwanao hafui wiki tatu, na hukujiuliza watoto wanakula nini."

Mzee Desimali aliwaza kumweleza kuhusu mpimaji na mwenye mzigo, akaliacha lilale. Ndani ya nyumba pacha walikuwa wakibishana kwa sauti nani ana zamu ya kufagia.

"Sikujiuliza," alisema.

Mama Pacha alishusha shuka la mwisho, kubwa, la kitanda cha watu wawili, likaanza kuburuza vumbini. "Shika ncha hiyo, Baba. Zote mbili. Usiiachie ikaguse chini, nimelifua mara mbili hilo."

Mzee akaingia uani, akashika ncha zote mbili. Wakalivuta likanyooka kati yao, kisha akapiga hatua kumwendea mkwe wake kama alivyoona watu wakifanya, lakini alikuwa amekunja upande usio wake, na shuka likajisokota.

"Hapana," alisema Mama Pacha. "Rudi nyuma. Tuanze upya."